Fahamu Wito wa Marejesho ya Usalama kwa Magari ya Toyota Corolla na Namna ya Kulikagua Gari Lako

Na Mwandishi Wetu, Maswa

Sehemu kubwa ya magari ya Toyota Corolla yanayoonekana wilayani Maswa, kama ilivyo katika wilaya nyingine za Mkoa wa Simiyu, yalitumika kwanza nchini Japani kwa miaka kadhaa kabla ya kushushwa katika Bandari ya Dar es Salaam. Miongoni mwa magari ya namna hiyo yapo ambayo mtengenezaji aliwahi kuyatolea wito wa kurejeshwa kwa matengenezo ya usalama, na yapo yaliyosafirishwa kabla matengenezo hayo hayajafanyika. Wito huo haufutwi na gari kuvuka bahari wala kupewa namba mpya za usajili. Unabaki ukiandamana na namba ya chesisi, hata kama mmiliki wa sasa hajawahi kuusikia.

Makala haya yanaeleza wito wa marejesho ni kitu gani, ni kasoro zipi kubwa zilizowahi kuikumba Corolla katika miaka ya karibuni, ni ipi kati ya hizo inayopaswa kumpa mwananchi wasiwasi wa kweli leo, na hatua anazoweza kuchukua akiwa hapa hapa Maswa.

Corolla ilianza kuuzwa nchini Japani mwaka 1966. Tangu wakati huo imebadilishwa umbo mara nyingi bila kubadilishwa jina, na kufikia mwaka 2021 Toyota ilikuwa imekwisha kuuza zaidi ya Corolla milioni 50 duniani kote. Katika barabara ya lami ya Mwigumbi, Maswa, Bariadi hadi Lamadi, na katika barabara za vumbi zinazoelekea Lalago na Malampaka, magari ya ukoo huu hayahitaji kutambulishwa. Ipo ile ya miaka ya 1990 ambayo wananchi huiita kwa namba yake, 110. Ipo iliyoifuata kuanzia mwaka 2000, maarufu kwa herufi za chesisi yake, NZE. Wapo pia ndugu zake wa Spacio, Fielder, Runx na Allex, kisha Axio iliyoanza kutengenezwa mwaka 2006. Baadhi hutumika kwa shughuli za familia, na mengine hubeba abiria katika kazi ambayo wakazi wa Kanda ya Ziwa wameipa jina la michomoko, ambapo kiti cha mbele kushoto si ajabu kukuta kimekaliwa na watu wawili, au na mama aliyepakata mtoto. Kiti hicho ndicho kitakachorudi katika maelezo haya, kwa sababu ndicho kilicho karibu zaidi na hatari.

Wito wa marejesho ni taarifa rasmi ambayo mtengenezaji huitoa anapobaini, au anapolazimishwa na mamlaka kukiri, kwamba kundi fulani la magari lina kasoro inayoweza kuhatarisha maisha. Taarifa hiyo hutaja aina ya gari, kipindi lilipotengenezwa, kasoro yenyewe na namna itakavyoondolewa. Gharama hubebwa na mtengenezaji. Nchini Japani utaratibu huu ulianza mwaka 1969 na sasa unasimamiwa na Wizara ya Ardhi, Miundombinu, Uchukuzi na Utalii ya nchi hiyo. Nchini Marekani kazi hiyo hufanywa na Mamlaka ya Taifa ya Usalama wa Barabara Kuu, inayojulikana kwa kifupi chake cha NHTSA.

Ni vyema kuelewa kwamba gari kutolewa wito si ushahidi kuwa ni gari bovu. Mtengenezaji anayeuza mamilioni ya magari yenye vipuri vya namna moja atakuwa na wito mkubwa pale kipuri kimoja kitakapokuwa na hitilafu. Gari lisilowahi kutolewa wito wowote linaweza kuwa ni gari zuri, au ni gari ambalo hakuna aliyejishughulisha kulichunguza. Kinachopaswa kuulizwa ni kama kasoro iliyotangazwa ilikwisha kuondolewa katika gari lililopo mbele yako.

Na hapo ndipo ugumu wa gari la mtumba unapoanzia. Nchini Japani, mtengenezaji akitoa wito, humwandikia barua mmiliki kwa anwani iliyomo katika daftari la usajili. Mmiliki hupeleka gari kwa wakala, kipuri hubadilishwa, na kumbukumbu huhifadhiwa. Lakini gari linapouzwa nje ya nchi hufutwa usajili. Jina la mmiliki linatoka daftarini, na mtengenezaji hana tena mtu wa kumwandikia. Gari linasajiliwa upya Tanzania na Mamlaka ya Mapato, linapata kadi yenye jina la mkazi wa Nyalikungu au wa Lalago, na kiwanda kilichopo Japani hakina njia ya kulijua jina hilo. Wito ukitolewa miaka mitatu baada ya hapo, barua haina pa kwenda. Kwa maneno mengine, mfumo mzima wa marejesho ulijengwa kwa kudhani kuwa gari litazeekea nchini lilikouzwa likiwa jipya, na dhana hiyo haimhusu mnunuzi wa kwetu.

Baadhi ya kasoro zilizotangazwa kwa Corolla zinaweza kuelezwa kwa ufupi. Mwezi Oktoba 2005, Toyota iliyarejesha magari zaidi ya milioni 1.2 nchini Japani, Corolla na Vitz zikiwamo, kwa sababu ya swichi ya taa iliyoweza kuzizima taa kubwa za mbele gari likiwa linatembea. Hayo yalikuwa magari yaliyotengenezwa kati ya mwaka 2000 na 2002, yaani yale yale ya kizazi cha kwanza cha NZE ambayo bado yanaonekana barabarani. Mwezi Oktoba 2012 magari milioni 7.43 duniani yaliitwa kwa ajili ya swichi kuu ya vioo vya umeme iliyo katika mlango wa dereva, ambayo ilikuwa ikikwama, kupata joto na hata kutoa moshi. Mwezi Aprili 2014 yaliitwa mengine milioni 6.39 kwa kasoro mbalimbali, mojawapo ikiwa ni waya uliojiviringisha ndani ya usukani, ambao ukikatika mfuko wa hewa wa dereva hauwezi kufunguka siku ya ajali. Mwezi Januari 2020 yaliitwa magari milioni 3.4, yakiwamo Corolla zilizotengenezwa kati ya mwaka 2011 na 2019, kwa sababu kompyuta inayoamuru mifuko ya hewa kufunguka ingeweza kuharibiwa na mitikisiko ya umeme wakati wa ajali.

Upo pia wito uliozungumzwa sana ulimwenguni, ule wa mwaka 2009 na 2010 kuhusu pedali ya mafuta na kapeti za sakafuni. Baada ya ajali iliyoua watu wanne karibu na San Diego mwezi Agosti 2009, Toyota ilirejesha mamilioni ya magari, na mwezi Februari 2010 rais wa kampuni hiyo, Akio Toyoda, alihojiwa mbele ya Bunge la Marekani. Mwaka 2014 kampuni ilikubali kulipa dola za Marekani bilioni 1.2 kumaliza shauri la jinai kuhusu namna ilivyowaficha wateja ukubwa wa tatizo. Kwa mmiliki wa Maswa, hata hivyo, kisa hicho kina uzito mdogo kuliko kelele zake. Pedali zilizokuwa zikikwama zilitengenezwa kwa ajili ya magari ya masoko mengine, hususan Marekani, na kwa sehemu kubwa magari yaliyouzwa Japani hayakuguswa. Jambo hili linafaa kukumbukwa na kila anayesoma orodha za Marekani katika simu yake: Corolla ya Marekani yenye usukani kushoto na Corolla ya Japani yenye usukani kulia zina jina moja, lakini si lazima ziwe na vipuri vya aina moja wala mwaka mmoja wa kasoro. Jina na mwaka wa gari havitoshi kutoa jibu.

Kasoro ambayo makala haya yanaitazama kwa kina ni ile ya mifuko ya hewa iliyotengenezwa na kampuni ya Takata ya Japani. Mafundi wetu huiita mifuko hiyo eabagi. Ni wito mkubwa kuliko wote katika historia ya magari. Ulihusisha karibu kila mtengenezaji mkubwa, na kwa Marekani peke yake vifaa vilivyotakiwa kubadilishwa vilifikia takribani milioni 67. Vifo vilivyohusishwa na kasoro hiyo duniani vimezidi 30, na majeruhi ni mamia.

Ili kuielewa hatari hiyo, ni lazima kujua jinsi mfuko wa hewa unavyofanya kazi. Watu wengi hudhani kuwa ndani ya usukani au dashibodi kuna mfuko uliokwisha kujazwa hewa unaosubiri kuachiwa. Sivyo. Mfuko umekunjwa mtupu, na nyuma yake kuna kopo dogo la chuma lenye kemikali iliyoshindiliwa kama vidonge. Gari linapogonga, umeme huiwasha kemikali hiyo, nayo huungua na kutoa gesi inayoujaza mfuko katika muda mfupi kuliko kufumba jicho. Ni mlipuko mdogo uliopimwa kwa makini. Ukiwa mdogo mno mfuko hausaidii, na ukizidi kipimo kopo lenyewe hupasuka.

Takata ilitumia kemikali ya nitrati ya amonia, na katika vifaa vingi haikuweka dawa ya kufyonza unyevu. Mkulima anaifahamu kemikali hiyo kwa sura nyingine, kwa kuwa imo katika mbolea ya CAN, na anafahamu pia kinachotokea gunia la CAN likiachwa wazi: mbolea hunyonya unyevu, hulowa, kisha huganda na kumeng'enyuka. Ndani ya kopo la Takata, unyevu unaojipenyeza kidogo kidogo kwa miaka, pamoja na joto la mchana na baridi ya usiku, huvifanya vidonge vipoteze ushikamano na kupata nyufa. Gogo la mti huungua taratibu, lakini gogo hilo hilo likichanwa vijiti huteketea kwa dakika chache. Ndivyo inavyokuwa kwa kemikali iliyokongoroka. Huungua upesi kuliko ilivyokusudiwa, gesi hukosa pa kutokea, na kopo hupasuka. Vipande vya chuma hupenya mfuko na kumwelekea mtu ambaye mfuko ulipaswa kumlinda, usoni, shingoni na kifuani. Wapo waliofariki katika ajali ndogo ambazo bila mfuko huo wangetoka bila jeraha la maana.

Honda ndiyo iliyoanza kuyarejesha magari yake kwa sababu hiyo mwaka 2008. Toyota iliingia rasmi tarehe 11 Aprili 2013, ilipotangaza kuyaita magari milioni 1.73 duniani, mengi yakiwa ya ukoo wa Corolla yaliyotengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mwezi Juni 2014 wito huo ulipanuliwa hadi milioni 2.27. Mfuko uliolengwa katika wito huo ulikuwa wa abiria wa mbele. Mwanzoni ilidhaniwa kuwa kasoro ni ya makosa ya kiwandani katika vipindi fulani tu. Uchunguzi uliofuata ulionesha kwamba umri wa kifaa, unyevu na joto vinatosha kukifanya kiwe hatari, na ndiyo sababu wito uliendelea kupanuliwa mwaka baada ya mwaka hadi ukagusa aina nyingi za magari. Mwezi Januari 2017 Takata ilikiri kosa la jinai nchini Marekani na kukubali kulipa dola bilioni moja, na mwezi Juni mwaka huo huo iliomba kufilisiwa.

Umri wa kifaa ndio unaolifanya jambo hili kuwa la leo badala ya historia. Kopo ambalo lilikuwa na hatari ndogo mwaka 2013 limeendelea kuzeeka tangu hapo. Tarehe 29 Januari 2024, Toyota iliwataka wamiliki wa magari takribani 50,000 ya zamani nchini Marekani, zikiwamo Corolla za mwaka 2003 na 2004, wasiyaendeshe kabisa mpaka mifuko ibadilishwe. Kampuni kumwambia mteja wake alipaki gari na asiliwashe tena ni hatua isiyochukuliwa kwa wepesi, na magari yaliyotajwa yalikuwa na umri wa takribani miaka 20. Mmiliki wa Corolla ya umri huo hapa nchini hana sababu ya kuichukulia taarifa hiyo kuwa ni ya mbali. Joto la Simiyu, gari likishinda juani stendi kutwa nzima na usiku kupoa, ni sehemu ya mazingira yanayokizeesha kifaa hicho. Gari lililokaa pwani kabla ya kuuzwa bara lina sababu ya ziada ya kuangaliwa, kwa ajili ya unyevu.

Japani nayo ilichukua hatua kali. Kuanzia mwezi Mei 2018, magari yenye mifuko ya Takata ya kundi la hatari zaidi ambayo hayajatengenezwa yalianza kunyimwa cheti cha ukaguzi wa lazima, na bila cheti hicho gari haliruhusiwi barabarani nchini humo. Hatua hiyo iliwasukuma wamiliki wengi kwenda kubadilishiwa mifuko. Hata hivyo, mnunuzi mwangalifu atajiuliza pia swali la pili: gari lililokosa cheti lilikwenda wapi? Gari la bei ndogo ambalo mwenyewe hakuona haja ya kulihangaikia linaweza kuwa ndilo lililopelekwa mnadani kwa ajili ya kuuzwa nje. Na yale yaliyokwisha kuingia Afrika Mashariki kabla ya mwaka huo hayakuguswa na utaratibu huo hata kidogo.

Hapa nchini, Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, Sura ya 285, inaipa Tume ya Ushindani, FCC, jukumu la kumlinda mlaji, likiwamo suala la bidhaa zisizo salama na urejeshwaji wake kutoka sokoni. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, linalofanya kazi chini ya Sheria ya Viwango Na. 2 ya mwaka 2009, linasimamia ukaguzi wa ubora wa magari yaliyotumika yanayoingizwa nchini. Ni muhimu mwananchi asichanganye mambo haya mawili. Ukaguzi wa ubora huangalia kama gari linafaa kutembea barabarani: breki, usukani, taa, matairi, chesisi, moshi. Kopo lililofungiwa ndani ya dashibodi haliwezi kupimwa kwa macho wala kwa mashine ya breki, na gari linaweza kufaulu ukaguzi huo huku wito wake wa marejesho ukiwa bado wazi. Vivyo hivyo stika ya Wiki ya Nenda kwa Usalama iliyo katika kioo haimaanishi kuwa kuna mtu aliyeuliza habari za Takata.

Taa ya tahadhari ya mfuko wa hewa iliyo katika dashibodi nayo hueleweka vibaya. Taa hiyo hukagua njia za umeme. Ikiwaka na kubaki imewaka, kuna hitilafu na huenda mfuko usifunguke. Isipowaka, maana yake ni kwamba umeme utafika kwenye kopo. Haisemi lolote kuhusu hali ya kemikali iliyomo ndani. Corolla yenye taa iliyozimika vizuri inaweza kuwa na kopo la Takata lililooza.

Ukaguzi wa kuaminika huanzia kwenye namba ya chesisi, nayo ipo katika kadi ya gari inayotolewa na TRA. Mmiliki asiridhike na kadi peke yake. Afungue boneti na kuisoma namba iliyogongwa katika bati la ukuta unaotenganisha injini na chumba cha abiria, kisha ailinganishe na kadi. Kwa magari yaliyotengenezewa soko la Japani, namba hiyo huwa na herufi na tarakimu za aina ya gari, kistari, halafu tarakimu saba, kwa mfano NZE121 ikifuatiwa na tarakimu zake. Herufi NZ hutaja ukoo wa injini na E hutaja ukoo wa Corolla. Magari ya masoko mengine huwa na namba ya herufi na tarakimu 17 zisizo na kistari.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua pa kuuliza. Tovuti ya NHTSA ya Marekani hupokea namba za tarakimu 17 tu, na ikipewa namba ya Japani itaikataa. Kukataliwa huko kusichukuliwe kuwa ni jibu kwamba gari ni salama, kosa ambalo ni rahisi kulifanya. Namba ya Japani huulizwa katika tovuti ya Toyota ya Japani, ambayo ina ukurasa wa kutafuta marejesho kwa namba ya chesisi. Ukurasa huo umeandikwa Kijapani, lakini simu nyingi za kisasa zina programu ya kutafsiri inayotosha kuonesha kama gari lina wito na kama matengenezo yamekwisha kufanyika. Asiye na simu ya namna hiyo anaweza kumwomba kijana wa jirani au mhudumu wa duka la intaneti. Kazi yenyewe haizidi dakika kumi.

Ipo pia alama inayoweza kuonekana katika gari lenyewe. Nchini Japani, matengenezo ya marejesho yakikamilika, mara nyingi wakala hubandika stika ndogo yenye namba ya wito karibu na komeo la mlango wa dereva, upande wa bodi. Stika hiyo ikiwapo ni habari njema kwa wito unaolingana na namba hiyo, si kwa kila wito. Isipokuwapo bado si uthibitisho wa kinyume chake, kwani magari hupakwa rangi upya na stika hubanduka.

Mmiliki atakayekuta gari lake lina wito ambao haujakamilishwa anashauriwa kunakili au kupiga picha majibu hayo, na kuwasiliana na Toyota Tanzania, ambayo ndiyo wakala rasmi wa mtengenezaji hapa nchini, akiwa na namba kamili ya chesisi. Aulize mambo mawili bila kuzunguka: kama kipuri mbadala kinapatikana kwa namba hiyo, na ni nani atakayelipia. Gari lililonunuliwa kwa wakala likiwa jipya na lile lililoagizwa na mtu binafsi kutoka mnadani yanaweza yasipewe jibu moja, na ni bora kulijua jibu kabla ya kuondoka Maswa kuliko kusafiri hadi Dar es Salaam bila miadi. Mwananchi anayeona kuwa aliuziwa gari huku muuzaji akijua kasoro na kuificha ana haki ya kupeleka malalamiko FCC. Maswali kuhusu ukaguzi wa ubora yanaweza kupelekwa katika ofisi ya TBS Kanda ya Ziwa iliyopo jijini Mwanza.

Wakati wa kusubiri, njia rahisi ya kupunguza hatari katika gari lenye wito wa mfuko wa abiria ni kutomweka mtu katika kiti cha mbele kushoto. Kwa gari la familia hilo linawezekana bila taabu kubwa. Kwa mchomoko ni kupoteza nauli ya abiria mmoja au wawili kila safari, na si busara kujifanya kwamba hilo ni jambo dogo kwa dereva anayepeleka hesabu kwa tajiri wake kila jioni. Ndiyo sababu mwenye gari, ambaye ndiye mwenye kadi na ndiye anayeweza kuhangaikia matengenezo, anapaswa kuwa wa kwanza kulijua jambo hili. Watoto wasipakatwe mbele kabisa, na hili linahusu gari lolote lenye mfuko wa hewa, liwe na wito au lisiwe nao, kwa sababu hata mfuko mzima hufunguka kwa nguvu inayoweza kumuua mtoto. Mkanda ufungwe wakati wote, kwani mfuko ulibuniwa kufanya kazi pamoja na mkanda.

Yapo mambo ambayo hayapaswi kufanywa. Mfuko wa hewa usifunguliwe na fundi wa mtaani kwa lengo la kuuangalia tu, wala nyaya zake, ambazo kwa kawaida huwa na soketi za rangi ya njano, zisijaribiwe kwa taa ya majaribio. Kopo linaweza kuwaka mikononi mwa fundi. Mfuko uliotolewa katika gari lililopata ajali usinunuliwe kwa ajili ya kuuweka badala ya ule wenye wito, kwa kuwa unaweza kuwa wa Takata vilevile, tena mkongwe zaidi, na muuza vipuri hana njia ya kuujua. Baadhi ya watu hushauri mfuko ukatwe nyaya ili yaishe. Huko ni kubadilisha hatari moja kwa nyingine, na hatua kama hiyo isichukuliwe bila ushauri wa wakala. Kuegesha gari kivulini hupunguza kasi ya kuzeeka kwa kemikali, lakini hakurudishi kilichokwisha kuharibika.

Kwa anayekusudia kununua Corolla, iwe kwa kuagiza Japani au kwa kununua kwa mtu Bariadi, Shinyanga au Mwanza, wakati mzuri wa kuuliza ni kabla ya fedha kutoka. Wauzaji wa Japani huonesha namba ya chesisi ya gari wanapoulizwa. Mnunuzi akiitafuta namba hiyo na kukuta wito ulio wazi, anaweza kumtaka muuzaji alipeleke gari kwa wakala wa Toyota huko huko Japani, ambako matengenezo ni bure na vipuri vipo, kabla ya kulipakia melini. Muuzaji anayetaka kuuza atakubali. Asiyekubali amekwisha kutoa habari ambayo mnunuzi alikuwa akiitafuta. Ukaguzi huo urudiwe kila baada ya muda, angalau mara moja kwa mwaka wakati wa kulipia bima, kwa sababu wito mpya hutolewa kwa magari ya zamani pia, na gari lililokuwa halina wito mwaka jana linaweza kuwa nao mwaka huu.